Askari Asiye na Karatasi

Katikati ya jiji la Dar es Salaam imesimama Sanamu ya Askari tangu mwaka 1927. Si mbali sana na hapo liko eneo la Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Kukumbukwa kwa sanamu na kwa jina la mtaa ni heshima. Lakini mpiganaji akirudi hai huhitaji paa na dawa, na historia yetu inaonyesha kwamba mahitaji hayo mawili yalitegemea zaidi karatasi kuliko jasho lake.

Tuanze na vita vya 1914 hadi 1918, vilivyoitikisa Tanga yetu mwezi Novemba 1914. Waingereza walichukua watu wapatao milioni moja kuwabebea mizigo. Karibu laki moja walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na lishe duni. Majina yao hayakuandikwa sawasawa, na ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia warithi wao kamwe.

Askari wa upande wa Wajerumani waliokuwa bado hai walisubiri hadi mwaka 1964, ndipo Ujerumani Magharibi ikaamua kuwalipa malimbikizo yao. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza walijitokeza wazee mamia, lakini wenye vyeti walikuwa wachache. Basi mlipaji akampa kila mzee ufagio badala ya bunduki, akaamrisha gwaride kwa Kijerumani. Aliyefuata amri alilipwa. Hebu fikiri, msomaji: baada ya miaka 46, cheti kilichobaki ni mwili wenyewe.

Vikaja vita vya pili. Zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshini, wengi katika kikosi tulichokiita Keya. Mwaka 1944 walikuwa Burma, wakipita katika matope ya bonde la Kabaw kuelekea mto Chindwin. Walipoagwa, kiinua mgongo cha askari Mwafrika kilikuwa takriban theluthi moja ya kile cha mzungu wa cheo hichohicho.

Mmoja wao nilimjua hapa Mkwaja nilipokuwa mtoto. Sisi tulimwita Babu Keya. Hakuwa na mke wala mtoto, na mguu wake mmoja haukukunjika. Paa la makuti halidumu miaka mingi, na mtu wa mguu mmoja hawezi kupanda kuezeka. Kibanda chake kilipoanguka alihamia barazani kwa mpwa wake. Jeraha lilipofumuka, mpwa huyo aliuza mbuzi apate nauli ya kumpeleka Pangani, safari ya kuvuka mto kutokea Bweni. Deni la himaya lililipwa na mvuvi wa Mkwaja. Wahenga walisema mchimba kisima hakatazwi maji. Babu Keya hakukatazwa. Aliyemteka maji hakuwa mwenye kisima.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza fedha za kuwapatia milo miwili kwa siku askari wake wa zamani na wajane wao katika nchi maskini za Jumuiya ya Madola. Ni jambo jema. Lakini aliyekuwa na miaka 20 vita vilipokwisha mwaka 1945, alikuwa na miaka 93 tangazo hilo lilipotoka.

Nasema haya kwa sababu ya vita vya Kagera. Mwishoni mwa mwaka 1978 taifa liliita, na mgambo kutoka kila pembe ya nchi wakaungana na jeshi letu mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Wengi wao walirudi kwenye majembe na nyavu zao. Kijana wa miaka 20 wa wakati ule sasa amevuka miaka 65. Mashujaa waliokufa tunawakumbuka kila tarehe 25 Julai, na wengine wamelala Kaboya. Je, hawa walio hai?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya mzee kupata matibabu, na wasiojiweza walikusudiwa kutibiwa bure. Zanzibar ilikwenda mbele zaidi: Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumwuliza alifanya kazi gani. Msaada wa namna hiyo humfikia hata asiye na cheti cha jeshi, na mimi nauona kuwa wa haki kuliko wote.

Hata hivyo, kijiji hakina haja ya kusubiri. Nilikuwa mwalimu, na kazi ya kwanza ya mwalimu kila asubuhi ni kuita majina. Kila serikali ya kijiji ifungue daftari, iandike nani alikwenda Kagera, anaishi wapi, paa lake likoje, anaumwa nini. Tuandike sasa, wakati wenyewe bado wanaweza kuitikia.