Bugenvilia na Jina Lake

Nani kati yetu hajaona bugenvilia ukutani mwa misheni? Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1767 merikebu za Mfaransa Bougainville zilifika Rio de Janeiro, nchini Brazil. Commerson, mtaalamu wa mimea, aliukusanya huko, akaupa jina la mkubwa wa safari. Jina hilo likachapwa mwaka 1789.

Commerson alikuwa na mguu mgonjwa. Mtumishi wake alimfuata porini na milimani, akichukua silaha, chakula na madaftari ya mimea. Kumbe, alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, amevaa nguo za kiume, maana sheria ilikataza wanawake katika merikebu za mfalme! Siri ilifunuliwa Tahiti mwaka 1768. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Lakini mmea uliopewa jina lake, Solanum baretiae, ulitangazwa mwaka 2012 tu.

Tutazame bugenvilia kwa karibu: rangi ile kali ni ya majani, ua lenyewe ni dogo, jeupe, katikati. Basi, tusomapo historia, tuwatafute pia waliochukua mizigo.