Mtihani wa kwanza wa saisi: jinsi ya kujiandaa kupanda na kutunza farasi

Saisi ni mtu anayetunza farasi. Neno hili, kama neno farasi lenyewe, limetufikia kutoka Kiarabu, na kazi yenyewe ni ya zamani. Jijini Nairobi, wapo wanaoamka alfajiri kulisha farasi wa mashindano wanaokimbia katika uwanja wa Ngong. Wengine hufanya kazi hiyo kwenye mashamba, kwenye kambi za watalii na katika nchi za Ghuba.

Wengi wao walijifunza kwa kumtazama aliyewatangulia. Mikono yao inajua kazi, lakini hawana karatasi ya kuonyesha. Hapo ndipo mtihani wa ngazi ya kwanza unapohusika. Makala haya yanaeleza mtihani wa aina hiyo unahitaji nini na mtu ajiandae vipi. Mwenye punda nyumbani naye atapata ya kumfaa.

Mtihani wenyewe ukoje?

Mitihani ya farasi iko ya namna nyingi. Unaojulikana sana ni ule wa British Horse Society, chama cha Uingereza kilichoundwa mwaka 1947. Ngazi yake ya kuanzia inaitwa Hatua ya Kwanza, nayo ina pande mbili: kutunza na kupanda. Asiyetaka kupanda anaweza kufanya upande wa kutunza peke yake.

Huu si mtihani wa kukaa darasani na kalamu. Mtahini anakupa kazi, anakutazama ukiifanya, kisha anakuuliza kwa nini umefanya hivyo. Hapo ndipo wenye uzoefu wengi wanapokwama. Mtu anaweza kufunga farasi vizuri kwa miaka kumi, lakini akiulizwa sababu ya lile fundo akabaki kimya. Kwa hiyo jizoeze kusema unachofanya huku ukikifanya. Mwombe mwenzako akuulize "kwa nini?" kila hatua. Kama mtihani utafanyika kwa Kiingereza, fanya zoezi hilo kwa Kiingereza pia, maana majina ya vifaa na viungo vya mwili yataulizwa.

Kumsogelea, kumfunga na kumwongoza

Jambo la kwanza mtahini analolitazama ni usalama. Farasi ni mnyama wa kukimbia hatari. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo haoni vizuri kilicho nyuma yake kabisa wala kilicho mbele karibu na paji la uso. Ukimtokea ghafla kutoka nyuma anaweza kupiga teke kabla hajajua wewe ni nani.

Msogelee kwa upande wa bega la kushoto, ukisema naye kwa sauti ya kawaida. Mguse begani kwanza. Ukimfunga, tumia fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja, na kamba ipitie kwenye kitanzi cha uzi dhaifu kilichofungwa kwenye pete ya ukutani. Farasi akishtuka na kuvuta kwa nguvu, uzi ukatike badala ya shingo yake kuumia.

Unapomwongoza, tembea sambamba na bega lake, si mbele yake. Kamba iliyobaki ikunje mkononi, usiizungushe kwenye kiganja. Akikimbia akiwa amekuzungushia kamba, atakuburuta, na vidole vinaweza kukatika. Ukifanya kazi kwenye miguu yake, inama au chuchumaa. Usipige goti wala kukaa chini, kwa sababu hutaweza kuondoka haraka.

Usafi wa mwili na kwato

Kusafisha mwili wa farasi si urembo tu. Ndiyo nafasi ya kugundua kidonda, uvimbe, kupe au sehemu yenye joto lisilo la kawaida. Anza shingoni ukienda nyuma, ukifuata mlalo wa manyoya. Burashi ngumu ni ya matope makavu, na burashi laini ni ya vumbi na ya sehemu nyororo kama uso.

Kwato husafishwa kila siku, kabla na baada ya kupandwa. Kifaa chake ni chuma kifupi kilichopinda ncha. Kwarua kutoka kisiginoni kwenda mbele, ili ncha isichome ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati ya unyayo. Ukinusa harufu ya kuoza na kuona uchafu mweusi, mwambie mwenye farasi. Mara nyingi hiyo ni dalili ya kusimama kwenye banda lenye unyevu. Kwato hukua kama kucha, kwa hiyo fundi anatakiwa kuzipunguza kila baada ya wiki 6 hadi 8, hata kama farasi havai viatu vya chuma.

Banda

Mtahini anaweza kukupa toroli, uma na ufagio akakwambia usafishe banda. Mtoe farasi kwanza, au umfunge. Ondoa kinyesi, kisha matandiko yaliyolowa mkojo, fagia sakafu na upange upya majani makavu au maranda ya mbao. Kingo za pembeni ziwe na kimo zaidi ili farasi akilala asikwame ukutani. Usiache kifaa chochote ndani, na uma usimame na meno yake yakitazama ukuta.

Kwa nini yote hayo? Mkojo hutoa hewa kali ya amonia inayowasha mapafu, na vumbi la majani yenye ukungu humletea kikohozi. Banda linahitaji hewa inayopita juu ya kichwa chake, si upepo unaompiga moja kwa moja.

Chakula na maji

Tumbo la farasi ni dogo ukilinganisha na mwili wake, na kwa asili anakula nyasi sehemu kubwa ya siku. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ni kumpa kidogo kidogo, mara nyingi. Kwa siku anahitaji chakula kikavu cha takriban asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito wake. Farasi wa kilo 400 atakula kilo 8 hadi 10, na sehemu kubwa iwe nyasi. Nafaka ni nyongeza kwa anayefanya kazi nzito.

Kanuni nyingine zinazoulizwa ni hizi:

- Maji safi yawepo wakati wote. Kwa siku anaweza kunywa lita 25 hadi 50, na joto likizidi anahitaji zaidi.
- Pima chakula kwa uzito, si kwa kopo. Kopo la shayiri na kopo la pumba havina uzito sawa.
- Badilisha aina ya chakula polepole, kwa wiki moja hadi mbili.
- Usimfanyishe kazi mara tu baada ya kula nafaka. Mwache kama saa moja.
- Usimpe kamwe chakula chenye ukungu.

Kumtambua mgonjwa

Farasi mzima ana macho maangavu, masikio yanayocheza, manyoya yanayong'aa na hamu ya kula. Akiwa ametulia, joto lake ni karibu nyuzi 38 za Selsiasi. Moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na huvuta pumzi mara 8 hadi 16. Mapigo utayasikia kwa vidole kwenye mshipa ulio chini ya taya. Pumzi utazihesabu kwa kutazama ubavu ukipanda na kushuka.

Maumivu ya tumbo ndiyo dharura ambayo kila saisi lazima aijue. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kilichomzidi hakina njia ya kurudi. Dalili zake ni kugeuka na kutazama ubavu wake, kuchimba ardhi kwa mguu, kulala na kugaagaa, kutoka jasho, kukataa kula na kukosa kinyesi. Ondoa chakula, mpigie daktari wa mifugo mara moja, na umweleze dalili zilianza lini. Usimpe dawa kwa kubahatisha. Kusubiri mpaka asubuhi kunaweza kumuua.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Uingereza havilitilii mkazo, lakini kwetu ni la kufa na kupona. Ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huu huenezwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, wanaozidi baada ya mvua na kuuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Farasi hupata homa na kushindwa kupumua. Wengine hutoa povu puani au kuvimba juu ya macho. Wengi wanaougua hufa, na hakuna dawa ya kuuponya. Kinga ni chanjo na kumwingiza farasi bandani kabla jua halijazama. Punda na pundamilia huweza kubeba virusi hivyo bila kuugua sana. Pia wapo mbung'o wanaoleta nagana, na kupe wanaoleta homa ya damu. Magonjwa haya ni sababu mojawapo ya farasi kuwa wachache katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Kumtandika na kumpanda

Tandiko liweke mbele kidogo ya mahali pake, kisha lirudishe nyuma ili manyoya yalale vizuri chini yake. Mkanda wa tumboni ukaze polepole, kwa awamu, halafu uukague tena kabla ya kupanda. Mkanda uliolegea hufanya tandiko lizunguke na kukuangusha. Mkanda wa kooni uache nafasi ya vidole vinne vilivyosimama.

Vaa kofia ngumu ya wapanda farasi iliyofungwa kidevuni, na viatu vyenye kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku. Ukikaa vizuri, mtu akikutazama kutoka pembeni ataona mstari mmoja ukishuka kutoka sikioni, begani, kwenye nyonga hadi kisiginoni.

Utaulizwa pia kuhusu miendo. Kutembea kuna mapigo manne ya kwato. Mchapuko una mapigo mawili, kwa sababu miguu hutua kwa jozi, wa mbele pamoja na wa nyuma wa upande mwingine. Mbio za wastani zina mapigo matatu, na mbio za shoti zina manne. Farasi akiwa kwenye mchapuko, mpandaji huinuka na kukaa kwa mpigo. Mkiwa mnazunguka, inuka bega lake la nje linapokwenda mbele. Mtahini hategemei ustadi wa mashindano. Anataka kuona mtu aliyetulia, asiyening'inia kwenye hatamu na asiyeumiza mdomo wa farasi.

Maswali madogo yanayowakwamisha wengi

Farasi wa kijivu ni yupi? Hata anayeonekana mweupe kabisa kwa kawaida huitwa wa kijivu, kwa sababu ngozi chini ya manyoya yake ni nyeusi. Kwa nini kimo hupimwa kwenye nundu ya mabega na si kichwani? Kwa sababu kichwa hupanda na kushuka, nundu haisogei. Na farasi mdogo, yaani poni, ni yule asiyezidi sentimita 148 hivi.

Kama huna farasi wa kujifunzia

Fundo la dharura unaweza kulifunga kwenye nguzo ya nyumba. Kusafisha kwato, kuhesabu pumzi, kukagua mwili na kuongoza kwa kamba unaweza kuvifanya kwa punda, mradi ujue kwamba punda huficha maumivu kuliko farasi na vipimo vyake vinatofautiana kidogo. Kupanda na kutandika vinahitaji farasi na mwalimu, kwa hiyo tafuta shamba litakalokubali ufanye kazi huku ukifundishwa.

Kabla ya kulipa ada yoyote, uliza kituo kimesajiliwa na chama gani, mtihani una sehemu ngapi, na ukishindwa sehemu moja utarudia hiyo tu au yote. Pata majibu hayo kwa maandishi. Siku ya mtihani fika mapema, umevaa nguo safi za kazi, bila pete wala hereni. Ukiulizwa usichokijua, sema hujui na kwamba ungemwuliza msimamizi wako. Katika banda la kweli, saisi anayeuliza ni salama kuliko anayebahatisha, na watahini wanalijua hilo.