Honda S2000

Honda S2000 ni gari dogo la michezo lenye viti viwili na paa la turubai la kukunja, lililotengenezwa Japani na kampuni ya Honda kuanzia 1999 hadi 2009. Injini hukaa mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na gia zake sita hubadilishwa kwa mkono. La otomatiki halikuwahi kutengenezwa. Katika miaka hiyo kumi yalitoka magari zaidi kidogo ya 110,000, na zaidi ya nusu yake yalinunuliwa Marekani. Leo ni gari la kuhifadhiwa: changa kuliko magari ya kale yanayooneshwa kwenye makumbusho, lakini adimu kiasi kwamba moja lililotunzwa, lenye kilomita chache na rangi yake ya kiwandani, huweza kuuzwa kwa bei inayozidi ile ya siku lilipotoka dukani.

Kilomita chache ndizo zinazotangazwa kwanza kila gari la aina hii linapoingia sokoni. Zina uzito wake, ila peke yake hazitoshi, na kwa S2000 sababu ya hilo imo ndani ya injini.

Asili

Honda ilijulikana kwa pikipiki kabla ya kujulikana kwa magari. Mwaka 1963 ilitoa gari la wazi la viti viwili lililoitwa S500, likafuatwa na S600 na S800, yote yakiwa na injini ndogo zilizozunguka kwa kasi ambayo wakati ule ilizoeleka zaidi kwenye pikipiki. Namba kwenye jina ilifuata ujazo wa injini, na ndivyo S2000 lilivyopata jina lake. Baada ya S800 kuachwa, Honda ilikaa karibu miaka 30 bila kuuza gari la michezo lenye injini mbele na linalosukumwa na magurudumu ya nyuma.

Mwaka 1995, kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo, kampuni ilionesha gari la majaribio lililoitwa SSM. Kazi ya kuligeuza kuwa gari la kuuzwa iliongozwa na mhandisi Shigeru Uehara, ambaye tayari alikuwa amesimamia NSX, gari la michezo la bei kubwa zaidi la Honda. Honda ilianzishwa 1948, na S2000 lilikusudiwa kuwa alama ya miaka 50 ya kampuni. Mauzo yalianza 1999. Magari ya mwanzo yaliundwa katika kiwanda cha Takanezawa, mkoa wa Tochigi, palepale NSX lilipokuwa likiundwa. Mwaka 2004 kazi yote ilihamishiwa Suzuka.

Injini

Sifa ya S2000 imejengwa juu ya injini ya F20C. Ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,997, haina turbo, na bado toleo la Japani lilitoa nguvu za farasi 250 kwa mizunguko 8,300 kwa dakika. Mwisho wa mizunguko ulikuwa 9,000. Matoleo ya nchi nyingine yalitoa nguvu za farasi 240, kwa kuwa mgandamizo wa silinda ulipunguzwa kutoka 11.7 hadi 11.0. Toyota Premio ya 1800 iliyojaa katika barabara za Nairobi na Dar es Salaam hutoa nguvu za farasi kama 130 na huzifikia kwa mizunguko 6,000. Ukigawa nguvu kwa lita ya ujazo, F20C ilishika nafasi ya kwanza miongoni mwa injini zisizo na turbo za magari yaliyozalishwa kwa wingi kwa takriban miaka kumi, mpaka Ferrari 458 ilipotoka.

Nguvu hiyo inatokana na mfumo wa VTEC. Kila silinda ina vali nne. Juu yake, kwenye kamshafti, kila jozi ya vali ina nundu tatu: mbili za pembeni ni fupi, na ya katikati imeinuka zaidi. Chini ya mizunguko kama 6,000 vali hufuata nundu za pembeni, hufunguka kidogo, na gari hutembea kwa upole hata kwenye foleni. Mizunguko ikipita hapo, kompyuta ya injini hufungulia oili njia. Shinikizo lake husukuma pini ndogo zinazounganisha mikono ya vali, na kuanzia hapo vali zote hufuata nundu ya katikati. Hufunguka zaidi na kukaa wazi kwa muda mrefu zaidi, hewa nyingi huingia, na sauti hubadilika mara moja, kutoka mngurumo wa kawaida hadi mlio mkali. Kwa hiyo S2000 likiendeshwa chini ya mizunguko 6,000 huonekana zito na la kawaida. Wako walioliendesha hivyo wakarudisha ufunguo bila kuona kilichokuwa kikisifiwa.

Pistoni husafiri milimita 84 kupanda na 84 kushuka. Kwa mizunguko 9,000 hufanya safari hiyo mara 150 kwa kila sekunde, yaani mita 25 na ushei kwa sekunde. Ili kuvumilia msuguano huo, Honda haikuweka slivu za chuma ndani ya silinda. Bloku ni ya aluminiamu, na kuta za silinda zimeimarishwa kwa nyuzi zilizochanganywa na metali yenyewe. Kuta hizo ni ngumu sana, lakini fundi wa kawaida hawezi kuzichonga na kuzipanua kama za injini nyingine. Zikikwaruzwa kwa kukosa oili, aghalabu dawa ni bloku nyingine. F20C hula oili kidogo kwa kawaida, hasa ikiendeshwa kwa mizunguko mingi, na magari mengi yaliyokufa mapema yalikufa kwa sababu mwenyewe hakuchomoa kijiti cha oili akatazama.

Mwaka 2004 Marekani ilianza kupewa injini ya F22C1 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,157. Safari ya pistoni ilirefushwa hadi milimita 90.7, mwisho wa mizunguko ukashushwa, na nguvu ya kuvuta kwa mizunguko ya chini ikaongezeka. Japani ilifuata baadaye. Ulaya ilibaki na F20C hadi mwisho. Ubishi wa ipi bora haujaisha. Kwa anayetaka gari la kila siku, ile ya pili haisumbui sana. Kwa anayetafuta gari la kuhifadhi, ya kwanza ndiyo iliyolifanya S2000 kuwa S2000.

Umbo na matoleo

Injini imewekwa nyuma ya ekseli ya mbele, hivyo uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Magari ya wazi huwa na tabia ya kunyumbuka kwa kukosa paa la chuma. S2000 liliundwa tangu mwanzo kama gari la wazi, likapewa uti mnene katikati ya sakafu, na ugumu wake ulisifiwa sana lilipotoka. Uzito ni kama kilo 1,250. Paa hufunguka kwa mota ya umeme kwa sekunde zipatazo 6, baada ya kuachia vishikio viwili kwa mkono.

Magari ya 1999 hadi 2003 huitwa AP1, na yale yaliyofanyiwa marekebisho kuanzia 2004 kwa kawaida huitwa AP2, ingawa yaliyobaki na injini ya 1,997 bado yana AP1 kwenye namba ya chesi. Marekebisho hayo yalibadilisha taa, bampa, rimu za inchi 17 badala ya 16, na mpangilio wa sasipensheni ya nyuma. Gari la mwanzo lilikuwa na sifa ya kutupa mkia kwenye kona kwa dereva aliyeachia mafuta ghafla, hasa barabara ikiwa na maji. Sifa hiyo ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyopunguza idadi ya magari mazima yaliyobaki. Mwishoni yalitoka matoleo maalumu, yakiwemo CR la Marekani lililoondolewa paa la turubai na kupewa paa gumu la kuchomeka, na Type S la Japani.

Gari la kilomita chache

Gari lililotembea kilomita 15,000 kwa miaka 20 limesimama muda mrefu, na kusimama nako huchosha gari. Maji ya breki hunywa unyevu wa hewa hata gari likiwa limefunikwa, na klachi ya S2000 hutumia maji ya aina hiyohiyo. Sili za mpira hukauka na kuanza kuvuja mara gari linaporudishwa barabarani. Bushi hupasuka. Petroli ya zamani huacha utando kwenye tangi na nozeli. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2301 maana yake wiki ya 23 ya 2001. Tairi za namna hiyo kwenye gari linalouzwa huthibitisha kweli kwamba halikutembea. Huthibitisha pia kwamba halifai kuendeshwa hadi zibadilishwe, kwa sababu mpira wa umri huo umekuwa mgumu na haushiki lami, na hili si gari la kulijaribu kwa tairi zisizoshika.

Kwa hiyo karatasi zina thamani kuliko mita. Kitabu cha matengenezo chenye tarehe za kubadilisha oili kila mwaka, hata kama gari lilitembea kilomita 500 tu mwaka huo, kinaonesha mwenyewe aliyejua anachokitunza. Japani hufanya ukaguzi wa lazima wa magari, na cheti chake huandikwa kilomita. Mfuatano wa vyeti hivyo hufunga mlango kwa anayetaka kurudisha mita nyuma. Ndani ya gari lenyewe, mahali pa kuangalia kwanza ni ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. S2000 ni fupi, dereva huingia kwa kujitelezesha juu ya ukingo huo, na ngozi yake huchakaa mapema. Kiti kikiwa kimechanika na mita inasoma 20,000, kimoja kati ya hivyo viwili kinadanganya.

Turubai huoza kwenye pembe ambako vyuma vya fremu huligusa likikunjwa. Magari ya mwanzo yalikuwa na dirisha la nyuma la plastiki, ambalo hufifia na kupata mikunjo. La kioo lilikuja na magari ya mwaka wa modeli wa 2002. Magari yaliyouzwa Marekani yalibandikwa vibandiko vya namba ya chesi kwenye milango, mabawa, bampa, boneti na buti. Kibandiko kikikosekana, paneli hiyo imebadilishwa au imepakwa rangi upya. Kwa gari la nchi yoyote, bolti za mabawa ya mbele chini ya boneti zinasema mengi: rangi iliyochubuka kwenye pembe zake ni alama ya spana.

Injini husikilizwa ikiwa baridi. Mlio wa mkwaruzo upande wa mnyororo wa kamshafti, unaopungua injini ikipata moto, mara nyingi ni kikaza mnyororo kilichochoka, na hilo hutengenezeka bila gharama ya kutisha. Hatari kubwa zaidi haina sauti mwanzoni. Dereva aliyefika mizunguko 9,000 kwenye gia ya tatu, akatafuta ya nne na kuangukia ya pili, huizungusha injini kupita kikomo chake, na vikombe vidogo vinavyoshikilia springi za vali huweza kupata ufa. Injini huendelea kufanya kazi, kisha siku moja vali huanguka juu ya pistoni. Ndiyo maana mnunuzi makini hulipia kupimwa kwa kompresheni, na hata kufunguliwa kwa kava la vali, kabla ya kukubaliana bei ya gari linaloitwa jipya.

Bei

Marekani, S2000 la 2000 liliuzwa jipya kwa dola 32,000. Kwa miaka kadhaa baada ya uzalishaji kukoma lilikuwa gari la mitumba la bei ya kadiri, na vijana wengi walilinunua, wakalifunga turbo, wakabadilisha sasipensheni na kukata bampa. Hilo ndilo lililoyafanya magari ya asili kuwa machache. Mwaka 2022 CR la 2009 lenye maili 123 liliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni Marekani kwa dola 200,000. Bei hiyo ni ya kipekee na haipimi soko zima. Gari zuri lililotembea na kutunzwa hugharimu sehemu ndogo yake, na kwa maoni ya mwandishi ndilo linalofaa zaidi kwa anayetaka kuliendesha. Mwaka 2020 Honda ilitoa vifaa vipya vya kuadhimisha miaka 20 ya gari hili, lakini vipuri vingi vya asili vimezidi kuwa vigumu kupatikana.

Afrika Mashariki

Mnunuzi wa Mombasa au Dar es Salaam anaijua tayari karatasi ya mnada ya Japani, na karatasi hiyohiyo ndiyo hutumika kwa S2000. Daraja 4.5 au 5 ni gari safi. R au RA ni gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mchubuko, U ni bonyeo, W ni alama ya kazi ya rangi au puti, S ni kutu, XX ni paneli iliyobadilishwa. Kwa gari la kuhifadhi, W na XX ndizo za kusoma mara mbili. A1 chache zisimzuie mtu.

Usukani wa kulia wa magari ya Japani unafaa kwa Kenya, Tanzania na Uganda, lakini sheria za umri zimeyafungia mengi njiani. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo tangu 2017 hata S2000 la mwaka wa mwisho halina nafasi. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15. Tanzania haizuii kwa umri, ila hutoza ushuru wa ziada kwa gari chakavu, na ushuru huo huangalia mwaka wa kutengenezwa, si hali ya gari: S2000 lenye kilomita 9,000 lililofunikwa gereji maisha yake yote huhesabiwa sawa na lililochoka.