Damu ya Ng'ambo ya Mto Kagera: Habari, Ushahidi na Mahali pa Shaka

Sifa zote njema anastahiki Allaah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake wote.

Ama ba'ad. Katika darsa moja baada ya Alasiri hapa Bukoba, tukiwa katika mlango wa ushahidi, kijana mmoja alituuliza suali ambalo halikuwamo katika kitabu tulichokuwa tukikisoma. Alisema: "Sheikh, haya mauaji ya mwaka 1978, kwamba askari wa Idi Amin walipiga raia risasi kule Kyaka na Mutukula, ushahidi wake uko wapi? Redio ilikuwa ya serikali, magazeti ni hayo hayo, na Amin alikuwa Muislamu. Hatujui kwamba huu ni uzushi kama tunaozushiwa leo?" Tuliona wenzake kadhaa wakiitikia kwa vichwa.

Hatukumkemea. Muislamu wa zama hizi ameona mara nyingi mtu akihukumiwa gazetini kabla hajafikishwa kwa hakimu, na anayo haki ya kuuliza habari imetoka wapi. Bali Qur-aan yenyewe, katika Suratul Hujuraat aya ya 6, inatuamrisha tuihakiki habari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Lakini katika suali lake kijana huyu alifunga shaka tatu katika furushi moja: kwamba mauaji hayakutokea, kwamba waliouawa si wengi kama inavyosemwa, na kwamba mtuhumiwa hakuua kwa kuwa ni mwenzetu. Wanachuoni hawazipimi shaka hizi kwa mizani moja.

Tuanze na yaliyo dhahiri. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka pale Mutukula na kuishika nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera: Mutukula, Kakunyu, Minziro, Bunazi, hadi ukingoni pa mto pale Kyaka. Ni kiasi cha maili za mraba 710. Kabla ya hapo, katika mwezi huo huo, ndege zao zilikuwa zimekwisha kuushambulia mji wetu wa Bukoba kwa mabomu, na watu wengi wakauhama. Mapema Novemba daraja la Kyaka lilivunjwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, na mifugo ikaswagwa kwa maelfu kupelekwa Uganda. Jeshi la Tanzania lilivuka mto kabla ya Novemba kwisha, na vita vikaendelea, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Sasa tuangalie habari zilivyosemwa. Redio Uganda ilitangaza kwanza, katika Oktoba, kwamba Tanzania ndiyo iliyoivamia Uganda. Siku chache baadaye, redio hiyo hiyo ikatangaza kwamba Uganda imeitwaa ardhi ya Kagera na kuifanya sehemu yake, na Amin akajisifu kwamba kazi hiyo ilichukua dakika 25. Mwenye kusoma fiqhi ataona hapa jambo ambalo mwandishi wa gazeti huenda asilione. Tangazo la kwanza ni madai, na mwenye madai hudaiwa ushahidi. Tangazo la pili ni ikrari, na ikrari ya mtu dhidi ya nafsi yake ni hoja nzito ya kumbana mwenyewe. Hatuhitaji gazeti la Dar es Salaam kututhibitishia kwamba jeshi la Uganda lilikaa katika vijiji vile, kwa kuwa mwenye jeshi amekiri. Ama sababu ya uvamizi ule, waandishi wamekhitilafiana. Wapo wasemao ulitokana na uasi ndani ya jeshi la Amin, askari wakawafukuza waasi hadi wakavuka mpaka. Wengine husema ulianza kwa ugomvi wa watu wachache mpakani. Khitilafu hiyo ni ya chanzo cha vita, nayo haigusi suali la damu.

Upande wetu nao haukuwa na sauti nyingi. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ndiyo redio, Daily News lilikuwa gazeti la serikali, na Uhuru lilikuwa la chama. Katika vita, chombo cha namna hii huchagua. Ndege tatu za Tanzania, kwa mfano, zilitunguliwa kimakosa na wapigaji mizinga wa Tanzania yenyewe huko Musoma, na tumekuja kulisoma jambo hilo katika kitabu cha Wamarekani wawili, Tony Avirgan na Martha Honey, walioandamana na jeshi letu na kuandika kuhusu vita hivyo mwaka 1982. Kwa hiyo kijana wetu amesibu kwa upande huu: gazeti la serikali peke yake halitoshi kuwa shahidi wa serikali.

Lakini habari ya mauaji haikutufikia kupitia gazeti. Na hapa tuseme tuliyoyaona kwa macho yetu. Sisi tulikuwa watoto wa chuo huko Muleba, na wakimbizi walipita barabarani wakielekea kusini, wamebeba magodoro, sufuria na watoto, wengine wakiburuta mbuzi mmoja aliyesalimika. Wanaokadiriwa kufika 40,000 waliyahama makazi yao. Walitoka vijiji mbalimbali, na wengi wao hawakuwa wakijuana. Wakatoliki walikuwamo, Walutheri walikuwamo, na Waislamu walikuwamo pia, waliolala katika nyumba zetu na kuswali nyuma ya imamu wetu. Masimulizi yao hayakufanana. Huyu alisema askari walikuja asubuhi, yule akasema jioni. Huyu alitaja watu watatu waliopigwa risasi uani, yule akataja familia nzima iliyomalizwa ndani ya kibanja chake. Lakini wote walikutana katika maana moja, kwamba askari wale waliwapiga risasi wanakijiji wasio na silaha.

Wanachuoni wa Usuul wanaiita hiyo tawaaturi ya maana. Riwaya zinakhitilafiana katika vipande vyake, lakini zinashirikiana katika kiini ambacho haiwezekani kwa desturi watu wengi kiasi hicho wakutane kukizua. Na jambo ambalo wanafunzi wetu hulisahau ni hili: wengi wa wanachuoni hao hawakushurutisha Uislamu wa wapokezi katika habari ya mutawaatir. Sharti la Uislamu na uadilifu hutajwa katika shahada mbele ya kadhi na katika habari ya mtu mmoja mmoja. Ama habari ya watu wengi wasioweza kuafikiana juu ya uongo hutoa yakini kwa wingi wake. Basi mwenye kusema "mashahidi wale wengi wao si Waislamu" amechukua sharti la mlango mmoja na kulitia katika mlango mwingine.

Tuje kwenye idadi, maana hapa ndipo pana nafasi ya shaka. Namba inayotajwa sana ni raia 1,500 waliouawa, na wengine 500 hivi waliopotea. Ni makadirio. Namba iliyokatwa sawasawa namna hii, mtu wa historia huisoma kwa tahadhari. Ibn Khaldun, katika Muqaddimah yake, aliwalaumu wanahistoria waliopokea idadi kubwa za majeshi bila ya kuzipima na hali ya nchi na desturi ya mambo, na akatoa mfano wa jeshi la Bani Israaiyl katika zama za Nabii Muusa. Hata wanajeshi, ambao kila mmoja alikuwa na namba yake ya jeshi, hesabu yao haikubaliani. Kitabu tulichokitaja kinasema wanajeshi 373 wa Tanzania walikufa, wachache kati yao katika mapigano yenyewe, ilhali magazeti ya nyumbani yametaja makaburi zaidi ya 600 pale Kaboya, wilayani Muleba. Je, hesabu ya pili imewajumuisha waliofia Uganda baada ya vita kwisha? Hilo ni suali la mtafiti. Lakini hatujamsikia mtu hata mmoja akisimama Kaboya, mbele ya mnara wenye majina, akasema kwamba kwa kuwa hesabu hazilingani, basi hakuna aliyezikwa pale.

Na tusidhani kwamba hesabu ya raia ni jambo la wanasiasa pekee. Wale 500 waliopotea, baadhi yao walichukuliwa mateka, ni watu ambao fiqhi inawaita mafquud. Mke wa mafquud, katika kauli mpya ya Imam ash-Shaafi'iy, haolewi mpaka ithibiti kwamba mumewe amekufa au amemwacha. Katika kauli yake ya zamani, inayofuata hukumu ya 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhu), husubiri miaka minne kisha akakaa eda ya miezi minne na siku kumi. Mirathi nayo haigawanywi kwa dhana. Nani alionekana ameanguka, nani alionekana akipakiwa kwenye lori akiwa hai, yalikuwa maswali ya wajane hasa, na sisi tumewajua wajane waliozeeka bila ya jibu.

Imebaki shaka ya tatu, ambayo kwetu ndiyo iliyo mbaya zaidi: kwamba hakuua kwa kuwa ni mwenzetu. Mwaka wa 8 Hijria, baada ya Fat-h ya Makkah, Khaalid bin al-Waliyd alitumwa kwa Bani Jadhiymah. Walitaka kusema kwamba wamesilimu, lakini hawakulitamka neno lenyewe sawasawa, na Khaalid akawaua baadhi yao. Habari ilipomfikia Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) hakuwauliza waliokuja nayo kwa nini wanamchafua jemadari wa Kiislamu. Aliinua mikono yake akajitenga mbele ya Allaah na kitendo kile, kama ilivyo katika Sahiyh al-Bukhaariy. Na watu wa Siyrah wametaja kwamba alimtuma 'Aliy (Radhiya Allaahu 'anhu) akawalipe diya za watu wao na thamani ya mali yao, hata chombo cha mbwa kunywea maji. Khaalid ni Swahaba, na kosa lake lilikuwa la ijtihadi. Idi Amin ni nani hata tumfanyie lile ambalo Khaalid hakufanyiwa?

Na upo mfano wa upande wa pili. Katika kisa cha Bani Ubayriq, ambacho wafasiri wengi wanakitaja katika Suratun Nisaa kuanzia aya ya 105, nguo ya chuma iliibwa Madiynah na mtu aliyehesabiwa kuwa Muislamu, kisha lawama ikatupiwa Yahudi. Jamaa za mwizi wakaja kumtetea. Wahyi ukateremka kumsafisha Yahudi na kumkataza Mtume asiwe mtetezi wa wahaini. Katika Sura hiyo hiyo, aya ya 135, waumini wameamrishwa kutoa ushahidi wa haki hata ukiwa dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao.

Baadhi ya wasomaji wataogopa kwamba kukiri hivi ni kumpa adui silaha. Tunaielewa khofu hiyo, maana imewahi kulipiwa kwa damu. Amin alipoanguka, katika sehemu za Ankole, ambayo ni jirani tu na Karagwe yetu, makumi ya Waislamu waliuawa Juni 1979 kwa kuitwa watu wa Amin, wakiwemo wanawake na watoto ambao hawakupata kuushika mtutu. Wauaji hao nao walikuwa na habari yao na ushahidi wao: jina la Kiislamu lilitosha. Huko Tanzania, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi katika vita hivyo ni Abdallah Twalipo, Muislamu, na alipigana na Amin tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyesema kwamba ilikuwa vita ya dini angeanza kwa kumweleza yeye.

Wala mizani hii haiishii kwa jeshi la Uganda. Januari 1979 jeshi la Tanzania lilipoiteka Mutukula ya upande wa Uganda, mji ulibomolewa na raia waliuawa kwa kisasi. Avirgan na Honey wameyaandika hayo, na wameandika pia kwamba Mwalimu Nyerere alichukizwa na akaamuru raia wasiguswe tena. Kijana anayetaka ushahidi wa Kyaka na autake pia wa Mutukula, na akiukubali huu kwa kitabu kimoja cha wageni, atueleze kwa nini anaukataa ule wa maelfu ya majirani zake.

Kadhia ya 'Abdullaah bin Sahl inafaa kusomwa hapa kwa utulivu. Alikutwa ameuawa Khaybar, na jamaa zake hawakuwa na shahidi aliyeona. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliwataka waape viapo hamsini, wakasema vipi waape juu ya jambo wasilolishuhudia. Wakaambiwa Mayahudi waape kujitoa lawamani, wakasema hawawezi kuvikubali viapo vyao. Basi hakumuua mtu yeyote kwa dhana, na wala hakuiacha damu ile ipotee bure: alimtolea diya ya ngamia mia moja. Muuaji hakujulikana, lakini aliyeuawa alibaki kuwa ameuawa. Kutoka katika hadithi hii wanachuoni wamejenga mlango mzima wa qasaamah.

Kijana wetu aliposikia haya alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama majina ya raia waliouawa yameandikwa mahali popote kama yale ya Kaboya. Tukamwambia aanze yeye, maana babu yake mzaa mama alikuwa mtu wa Bunazi. Amenunua daftari kubwa la mistari na anakwenda kila likizo. Tumemchorea safu tano: jina la aliyeuawa, jina la baba yake, kijiji, jina la msimuliaji, na ya mwisho, ambayo tumemsisitiza asiiache tupu hata mara moja, aliona au aliambiwa.

Wallaahu a'lam.