Saa Moja Iliyopotea Njiani

Ghasia zinapozuka, mjadala wetu huanza na swali la nani aliyerusha jiwe la kwanza. Historia ya sheria inatutaka tuulize jingine: je, umati uliamriwa kutawanyika, na ulipewa muda gani wa kutii?

Sheria ya Ghasia ya Uingereza ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1715, katika misukosuko iliyofuata kutawazwa kwa Mfalme George I. Ilikuwa kali. Watu 12 au zaidi waliokusanyika kwa fujo walisomewa tangazo kwa jina la Mfalme. Aliyebaki hapo baada ya saa moja alistahili kifo, na waliomuua wakati wa kuwatawanya walikingwa na mashtaka. Hata hivyo, ndani ya ukali huo mlikuwamo kipimo. Saa moja ni saa moja, kwa hakimu na kwa mtu wa kawaida.

Kipimo hicho kilipuuzwa Manchester tarehe 16 Agosti 1819. Makumi ya maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwamo, walikusanyika kudai marekebisho ya Bunge. Mahakimu walishikilia kwamba tangazo lilisomwa. Wengi waliokuwapo walisema hawakulisikia. Tangu msemaji mkuu, Henry Hunt, apande jukwaani hadi askari wa farasi walipoufagia uwanja, haikutimia saa nzima. Watu wasiopungua 15 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Hunt alifungwa miaka miwili na nusu; hakuna hakimu aliyeadhibiwa.

Wakoloni waliileta sheria hiyo kwetu kupitia kanuni za adhabu. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1930, tangazo limo na idadi ya watu 12 imo. Saa moja haimo. Mahali pake pamewekwa “muda unaofaa”.

Unaofaa kwa nani? Anayeupima kwanza ni afisa yuleyule aliyetoa amri, naye ana silaha. Mahakama huupima baadaye, mara nyingine mazishi yakiwa yamekwisha.

Hakuna dola inayoweza kuishi bila sheria dhidi ya ghasia. Lakini amri isiyosikika haiwezi kutiiwa, na muda usiotajwa hauwezi kudaiwa. Bunge lililo huru lingeweza kuirudisha saa ile kwa sentensi moja.