Hatua Saba za Arusi ya Wahindu

Katika desturi za arusi za Wahindu, hatua saba ziitwazo saptapadi ndizo mashuhuri. Asili yake ni ya kale sana. Kitabu cha Ashvalayana, kimojawapo cha vitabu vya ibada za nyumbani, chaeleza taratibu yake. Moto huwashwa, bwana arusi humshika bibi arusi mkono, naye bibi hukanyaga jiwe ili awe imara kama jiwe. Ndugu yake humtilia mikononi bisi za mpunga, naye huzimimina motoni. Ndipo huongozwa hatua saba: ya kwanza ni kwa ajili ya chakula, ya pili nguvu, ya tatu mali, ya nne raha, ya tano watoto, ya sita majira ya mwaka, na ya saba urafiki.

Msomaji na aliangalie sana neno hili la mwisho. Mke afikapo hatua ya saba huitwa rafiki. Na urafiki wa mtoto haufungwi na wazee kwa niaba yake. Hata hivyo, kwa karne nyingi wasichana wengi waliozwa wangali wadogo.

Mwaka 1884 jambo hili lilifika mbele ya mahakama ya Bombay. Rukhmabai, aliyeozwa akiwa na miaka 11, alikataa kwenda kukaa na mumewe, naye mume akamshtaki. Mwaka 1885 jaji Pinhey hakukubali kumlazimisha; lakini mwaka 1887 jaji Farran aliamuru aende, ama sivyo afungwe miezi sita. Rukhmabai akachagua kifungo. Mwaka 1888 shauri likamalizwa kwa fedha, naye akaenda London kusoma uganga, kisha akarudi kuwatibu wanawake wa nchi yake.

Sheria zikafuata polepole. Ile ya mwaka 1929 iliweka miaka 14 kwa msichana na 18 kwa mvulana; tangu mwaka 1978 ni 18 na 21. Katikati yake ilitoka sheria ya ndoa za Wahindu ya mwaka 1955, nayo haikuziondoa hatua saba: yasema kwamba penye desturi hiyo, ndoa hutimia hatua ya saba ikanyagwapo. Mwaka huo huo Rukhmabai alifariki.

Basi mwalimu aionapo desturi ya watu, kwanza na ayasikilize maneno yake. Huenda ubaya ulioingia ndani yake ukahukumiwa na maneno yayo hayo.