Tumbe, mwani na siri ya kupasua maji

Leo tuiache siasa kidogo, tuzungumzie mwani. Naam, mwani ule ule ambao akina mama wa Pemba wanaufunga kwenye kamba bahari ikitoka, wanauanika, kisha wanauuza kwa bei wasiyoipanga wao.

Tuanzie Tumbe, kaskazini mwa Pemba. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba pale miaka ya 2000 wakakuta masalia ya kijiji kikubwa cha kati ya karne ya 7 na ya 10. Walipata vigae vingi vyenye mifereji, vilivyotumika kusugulia shanga. Yaani watu wa Tumbe hawakuishia kuokota makombe ufukweni. Waliyageuza bidhaa.

Mwani je? Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 kwa mbegu za Ufilipino, baada ya Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuutafiti kwa miaka mingi. Kikavuka hadi Pemba, ambako leo hutoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Mwingi unasafirishwa nje mkavu, na ute wake huishia kwenye dawa za meno na vyakula.

Sasa sikilizeni. Rangi zilizo ndani ya mwani hunasa mwanga wa jua, na nguvu hiyo hupasua maji. Oksijeni inatoka, elektroni zinatumika kutengeneza chakula. Kila molekuli ya oksijeni inadai elektroni 4 ziondolewe kwenye maji. Hapo ndipo maabara za dunia zinapotoa jasho.

Mwaka 1912 mkemia wa Italia, Giacomo Ciamician, alitabiri kwamba binadamu ataiga mimea na kuachana na makaa ya mawe. Mwaka 1972 Fujishima na Honda wa Japani walipasua maji kwa mwanga wakitumia oksidi ya titaniamu, kitu kile kile kinachoipa rangi ya ukutani weupe wake. Tatizo, kwa kuwa ni nyeupe hainasi mwanga tunaouona. Mwaka 1991 O'Regan na Grätzel, huko Lausanne, Uswisi, walizivika chembe zake ndogo mno rangi inayonasa mwanga, wakapata umeme. Mwaka 2009 kundi la Thomas Mallouk, Pennsylvania, Marekani, liliunganisha rangi ya ruteniamu na chembe za oksidi ya iridiamu. Maji yakapasuka, ila kwa kusaidiwa na umeme kidogo, na elektroni nyingi zilirudi kwenye rangi kabla kazi haijaisha. Tena iridiamu ni adimu. Mwani unatumia manganizi na kalisi tu, na ukiharibika unajitengeneza wenyewe.

Kwa nini jambo hili linaninyima usingizi? Pemba iliendeshwa na majenereta ya dizeli mpaka mwaka 2010, ilipofikiwa na kebo ya umeme iliyopita chini ya bahari kutoka Tanga. Jua na maji vilikuwepo siku zote. Siku haidrojeni ya jua ikiwa biashara, je, tutauza tena malighafi na kununua mtambo kwa mgeni? Waliosugua shanga Tumbe miaka zaidi ya 1,000 iliyopita walishajibu swali hilo. Sisi wenye digrii tunajibu nini?